Kutembea Kindu Nikimtafuta Mama

Nilikwenda Kindu kwa sababu baba aliniomba nimtafutie kaburi la mke wake, na katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye niliyejua lilipo. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Vita vilipoufunga mji, treni yake ilikuwa imekwama upande wa Kibombo, naye akabaki huko zaidi ya mwaka bila barua wala salamu. Mama alikufa ndani ya mji uliofungwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Njia zilipofunguka, baba alirudi akanikuta niko peke yangu, akanishika mkono tukahamia Lubutu kwa ndugu zake. Hatukurudi tena.

Mwaka huu miguu yake imevimba na hawezi kukaa kwenye pikipiki. Asubuhi moja kabla sijaenda kufundisha aliniita akaniambia, "Zaina, nenda uone mama yako amelala namna gani. Nikifa bila kujua, nitakufa kama muntu mwenye alitoroka."

Nilingoja shule zifungwe na matope yakauke.

Siku ya kwanza niliondoka Lubutu alfajiri, nimekaa nyuma ya pikipiki ya kukodi, mkoba wangu mbele ya dereva na kidumu cha mafuta kikinigonga paja. Njia ya kupitia Punia imejaa mashimo, na kila shimo lina watu wake: vijana wanaoweka magogo ili upite, na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba vidumu vya mawese, vifua wazi, mmoja akivuta mbele na mwingine akisukuma nyuma. Wanatembea hivyo wiki nzima. Mara mbili tulipitwa na gari jeupe lililofunga vioo. Likaturushia maji machafu, sisi na wenye baiskeli pamoja. Dereva wangu alijifuta uso akacheka.

"Wale hawajue hii barabara," alisema. "Wanaionaka kwa kioo tu."

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tulifika Alunguli. Atokaye Lubutu huuona mji wa Kindu kutoka ng'ambo kwanza, kwa sababu Alunguli iko upande huu wa mto, na maofisi, stesheni, maduka makubwa na umeme, siku unapokuwepo, viko upande ule. Ni komini, yaani wilaya ndogo, ya mji uleule, lakini watu wa Alunguli wakivuka husema, "Ninaenda Kindu," kana kwamba wao wanakaa kwingine. Nyumba ni za matofali mabichi, mboga zimelimwa mpaka kwenye vizingiti, na maji ni ya kisima.

Huko ndiko nilikomkuta Mama Ngalula, na lazima niseme yeye ni nani. Wakati wa vita alikuwa jirani yetu katika kambi ya reli, upande wa mjini. Ni Mkasai, Mkatoliki, na mume wake alikuwa karani wa stesheni. Miezi ile waasi waliushika mji, na vijana wa msituni wenye silaha wakashika mashamba yote yaliyouzunguka. Aliyetoka kung'oa muhogo wake mwenyewe aliuawa na hawa au na wale. Tukala majani ya uani mpaka miti ikabaki vijiti, kisha tukapasua kokwa za mawese tukatafuna. Mkubwa wa stesheni na mchukuzi wa mizigo walipanga mstari kwenye kisima kimoja, kila mtu na ndoo yake. Mama yangu, Safi, aliharisha siku nne, na siku ya tano akafa.

Makaburi yalikuwa nje ya kizuizi cha mwisho, na askari walitufukuza pale. Mama Ngalula ndiye aliyeamua. Yeye na wanawake wawili walichimba nyuma ya nyumba ya injinia mmoja wa reli aliyekuwa amekimbia, kwa sababu uani kwake kulikuwa na bustani na udongo ulikuwa laini. Sanda haikuwepo. Mama Ngalula alileta kitambaa cheupe cha meza ya harusi yake. Mwalimu wa madrasa alisoma haraka, macho yakiwa njiani. Mimi nilihesabu hatua kutoka kwenye tangi la maji la saruji mpaka miguuni mwa mama. Zilikuwa tisa, na tisa hizo nimezibeba maisha yangu yote.

"Njo wewe kweli? Mutoto wa Safi?" Mama Ngalula aliniuliza, akinishika mashavu kwa mikono iliyopasuka kwa jembe. Amekonda na amepungukiwa meno ya mbele. Mume wake alikufa zamani, nyumba ya kambi ikapewa wengine, akavuka mto na watoto wake. Sasa analima mchicha wa lengalenga na kuchuma sombe, majani ya muhogo, na kila asubuhi anavuka kuuza mlango kwa mlango kwenye nyumba za wakubwa.

Nilimweleza nilichofuata. Akasema, "Kesho tutatembea wote. Lakini ile parseli, kiwanja ya injinia, iko na ukuta sasa."

Asubuhi ya siku ya nne tulivuka kwa mtumbwi, beseni lake kichwani mwake na jingine dogo kichwani mwangu. Mtumbwi ulijaa wanawake wa Alunguli, mboga, makaa, na mafundi wenye misumeno. Pembeni yetu ilipita boti ya injini yenye watu watatu waliovaa viatu vyeupe. Wimbi lake lilitulowesha. Hakuna aliyelalamika.

Kutoka gatini tulipanda kuelekea komini ya Kasuku, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa Kindu ya sasa, kwa sababu niliitembea nikiwa chini ya beseni. Mwalimu akipita husalimiwa. Mwenye beseni huitwa tu, "We wa mboga!" Kwenye barabara ya lami tulitembea kando, kwenye vumbi, maana katikati ni ya magari na pikipiki. Nyumba za mwanzo bado zina ua wa majani, na wenyewe walitoka wakagusa majani, wakabishana, wakacheka, wakaulizia watoto. Mtaa uliofuata una kuta za matofali, na aliyetoka alikuwa mtumishi. Mtaa wa mbele zaidi una kuta ndefu zenye chupa zilizovunjwa juu yake na maandishi ya rangi nyekundu kwamba parseli haiuzwi. Jenereta zilinguruma mchana ule. Kwenye geti kuna kidirisha kidogo, unagonga, kinafunguka, mkono unatoka, unachukua mafungu, unarudi ndani. Mama Ngalula anaijua mikono ya mtaa mzima. Nyuso hazijui.

"Huyu wa pete alikuwa kwetu kambini," alininong'oneza kwenye geti moja. "Tulikuwa tunapasua naye kokwa kwa jiwe moja. Sasa anatuma mutumishi aniulize kama maji yangu ya kunyweshea ni safi."

"Anakujua?"

"Ananijua. Njo maana hatoke."

Saa tano beseni lilikuwa nusu, naye akageuka kurudi mtoni. Nilimwambia bado hatujafika kwa injinia.

"Kule tuache leo, mwanangu. Jua limekuwa kali."

"Nimekaa siku tatu kwenye pikipiki, Mama Ngalula."

Alirekebisha kata kichwani, akatangulia.

Kwenye nyumba ya injinia nisingepatambua peke yangu. Imeongezwa ghorofa, imepakwa rangi ya maziwa, na geti lake ni la chuma cheusi. Mlinzi, mzee aitwaye Papa Amisi, alimfungulia Mama Ngalula kwa mazoea akasema siku hiyo kuna wageni, Madamu anataka mboga zote, tuingize mpaka jikoni. Hivyo nikaingia.

Tangi la maji lilikuwa bado pale, limepakwa rangi. Mama Ngalula alipoinama kutua beseni, mimi nilisimama na kuligeuzia mgongo tangi nikaanza kuhesabu. Hatua tisa za mtoto nilizifanya tano za mtu mzima. Zilinifikisha kwenye vigae vya saruji vilivyopangwa vizuri, vimeoshwa, na juu yake gari jeusi. Chini ya gari palikuwa na doa la mafuta. Nilitaka kusoma Fatiha na sikuweza kuipata hata aya ya kwanza, mimi ninayoisoma kila siku.

Madamu alitoka jikoni. Ni mwanamke wa umri wangu, mnene wa mikono, amevaa kitenge kizuri cha nyumbani.

"Mama wa mboga, huyu anayesimama kwa gari ni nani?"

"Ni mutoto wangu, Madamu. Tunaenda sasa hivi."

Ningenyamaza pale, mambo mengine yasingetokea. Lakini nilisema, "Mimi ni mtoto wa mwingine. Mama yangu amezikwa hapa, Madamu. Chini ya gari lenu. Ilikuwa wakati wa vita, na sikuja kuomba chochote. Nimetumwa na baba yangu nione tu."

Alirudi nyuma hatua mbili. Aliangalia vigae, akaangalia dirisha la juu ambako sauti za watoto zilisikika, akatoa simu. Mume wake alikuwa Kampene, kwenye biashara ya madini. Aliiweka simu kwa sauti kubwa, labda makusudi.

"Njo namna wanaanzaka!" sauti ya mwanamume ilisema. "Leo kaburi, kesho tribinali, mbele ya hakimu. Mwambie parseli iko na karatasi zote. Na huyo mama wa mboga aliyemwingiza, nisimwone tena kwangu. Watoke."

Madamu alikata simu. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Aliingia ndani, akarudi na noti zilizokunjwa, akazibana kiganjani mwangu.

"Pole, dada. Ni ya njiani. Lakini unielewe na wewe, watoto wangu wanalala hapa." Kisha akamwambia Mama Ngalula bila kumtazama, "Umesikia mwenyewe. Usirudi."

Mkono wangu ulikuwa umezipokea zile noti kabla sijafikiri. Hilo nalo nalisema, maana nimeapa kusimulia yote.

Getini, Papa Amisi alifungua mlango mdogo akatoka nasi mpaka barabarani. Alininong'oneza akiangalia juu kwenye madirisha.

"Mama, usiililie ile sementi. Hakuna muntu pale chini. Walipochimba kuweka vigae walikuta mifupa. Patroni, mwenye nyumba, alisema itolewe pamoja na udongo. Waliweka yote kwa gari la kusukuma, wakaenda kuziba korongo la Mikelenge." Akamwonyesha Mama Ngalula kwa kidevu. "Huyu aliona. Alisimama hapa na beseni yake."

Nilimgeukia. Alikuwa ameinama, akipanga upya majani yasiyohitaji kupangwa.

Saa saba mchana tulitembea kwenda Mikelenge. Lami iliisha, kuta zikaisha, kisha matofali yakaisha. Korongo lenyewe ni jeraha refu ambalo kila mvua hulipanua, na kwenye midomo yake watu wamejenga vibanda kwa sababu hakuna mwingine anayepataka mahali hapo. Humo ndani mji wa juu humwaga takataka zake: vigae vilivyovunjika, masinki, mifuko ya saruji iliyoganda, udongo wa kila msingi unaochimbwa Kasuku. Watu wa pale wamepanda matembele juu yake ili udongo ushike, na wanayachuma wakala. Watoto walikuwa wakiteleza juu ya kipande cha mlango.

"Wapi?" niliuliza.

Mama Ngalula alinionyesha mteremko. "Pale, karibu na wale wanafua. Lakini ni zamani. Mvua imesukuma."

"Ulijua tangu jana nilipokueleza."

"Nilijua."

"Ukaniacha nitembee mji mzima nikihesabu hatua."

Alitua beseni chini. "Ningesema nini? Nilisema moyoni, ataona ukuta, atachoka, ataenda akiamini mama yake iko pale. Nilitaka uende na kitu."

"Na siku ile walipomtoa? Ulimchimbia wewe mwenyewe. Ulimpa kitambaa chako cha harusi."

"Siku ile wajukuu wawili walikuwa na homa, na ile geti njo ilikuwa inanilisha. Ningepiga kelele, ingefungwa. Nilisema, Safi atanielewa. Safi alijua njaa." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Nilifuata ile gari mpaka hapa. Nilisali ile yangu, ya Wakatoliki. Yenu sikuijua."

Nilitaka kumchukia na nilimchukia, kwa muda wa mtu kushuka mteremko ule na kupanda tena. Nilishuka mpaka kwa wanawake waliokuwa wakifua. Mmoja aliona nimevaa mtandio na nimesimama na viganja vimefunguliwa, akawanyamazisha watoto na kuniletea kigoda bila kuuliza neno. Safari hii Fatiha ilikuja yote. Sikujua niielekeze kwenye masinki au kwenye matembele, nikaisoma hivyo hivyo.

Nilipopanda, Mama Ngalula alikuwa bado pale pale.

"Wewe utapanda pikipiki urudi Lubutu kwa mushahara wako," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa kavu. "Mimi kesho nitabeba beseni, na ile geti haifunguke tena. Na za jirani wake pia, maana wataambiana. Umesema ya kweli kwa Madamu, ni vizuri. Lakini hiyo kweli imenikula mimi."

Nilimpa zile noti. Alizifunga kwenye pindo la kitenge, hakusema asante, wala sikuingoja. Tulivuka mto tumekaa ncha mbili za mtumbwi mmoja. Asubuhi iliyofuata nilipoondoka Alunguli alikuwa ameshatoka na mboga zake, na kando ya mkeka niliolalia alikuwa ameniachia sahani ya muhogo, imefunikwa.

Njia ya kurudi ilichukua siku nne kwa sababu tairi ilipasuka mbele ya Punia, na muda wa kufikiri ulikuwa mwingi. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba vita vilitufanya watu wa Kindu kuwa sawa, tajiri na maskini kisima kimoja. Nilikuwa mtoto, niliona kisima tu. Hata miezi ile kulikuwa na watu ambao magunia yao ya chumvi yaliletwa na ndege, na waliokuwa wakinunua nyumba za waliokimbia kwa bei ya sahani ya mchele. Tuliwaona. Tulidhani yatakwisha pamoja na vita. Zile kuta nilizozipita na beseni zilianza kujengwa wakati huo, wakati sisi tunapasua kokwa na kusema sote ni ndugu. Na nilijifunza jambo jingine ambalo sikulitaka: kwamba mimi nilipokwenda kumtafuta mama, niliingia kwenye nyumba ya tajiri nikasema ukweli wangu, na aliyelipa ni mwenye beseni.

Lubutu nilifika jioni, jua bado liko juu ya miti. Baba alikuwa barazani, miguu juu ya kiti. Hakunisalimu kwanza.

"Umemwona?"

Njiani nilikuwa nimetunga uongo mzuri, wenye tangi la maji na maua. Ulinitoka nilipomwona.

"Walimhamisha, baba," nilisema. "Yuko Mikelenge, kwenye mteremko. Kuna watu wengi karibu. Wanawake wanafua pale, watoto wanacheza juu yake. Kumelimwa."

"Nani alimhamisha?"

"Walikuwa wanajenga."

"Walimsomea?"

"Mama Ngalula alimfuata mpaka pale akamwombea. Na mimi nimemsomea."

Baba alitikisa kichwa polepole. Sijui alielewa kiasi gani. Ametembea na treni nchi nzima, si mtu wa kudanganywa kwa maneno machache. Aliomba daftari langu la shule na kalamu akaniambia nimchoree, apate kujua ageukie wapi akisoma dua. Nikakaa chini kando ya kiti chake. Nilichora mto, nikachora reli, nikachora njia kutoka stesheni hadi Mikelenge, na vibanda vya kwenye korongo kimoja kimoja, mpaka wale wanawake na beseni zao za kufulia. Kasuku niliiacha nyeupe. Aliweka kidole chake pale penye karatasi tupu akaniuliza ni nini hapa, mbona mji mzima haupo.

"Hapo hakuna mtu wetu," nilimwambia.

Akauchana ukurasa taratibu kutoka kwenye daftari, akaukunja mara mbili, akautia kwenye mfuko wa shati.